Kabla Jenereta Haijawaka

Karatasi hii, Kazadi, ina muhuri na namba,
inakutajia uzito, rangi, usafi wa ndani.
Jiwe lingekuwa la mviringo, ingekwambia na ukataji wake.
Lakini hili ni tone, lina ncha na lina tumbo,
na kwa maumbo ya namna hii karatasi hufunga mdomo.
Hapo ndipo shangazi huitwa.

Nimevaa koti la marehemu. Julai ya Lubumbashi haina huruma,
vumbi jekundu limeingia hadi kwenye vitanga vya mizani,
na Bwana Kisimba ametuwashia taa kumi na mbili.
Kumi na mbili! Kwa vijiwe viwili visivyofika punje ya mahindi.
Chini ya taa hizo hata kipande cha chupa ya bia
kingeposwa.

Naanza na umbo.
Ncha iangukie katikati ya duara la upande wa pili,
isipinde kama pua iliyovunjika utotoni.
Mabega yalingane. Moja likipanda, jingine likishuka,
ujue fundi alikuwa anaokoa uzito,
akaacha nyama kwenye mfupa ili mizani ifurahi.
Nawajua. Miaka tisa Mbuji-Mayi nilichambua mawe kwa koleo
kwenye meza ya watu ambao hawakunipa hata vumbi lake.

Kazadi anataka kubwa. Karati moja na robo.
"Dada zake Kapinga watalipima kwa macho tangu mlangoni."
Kweli, ni pana. Pana kama bukari iliyotandazwa sahanini
ili mgeni asijue unga umepungua.
Naliweka juu ya kidole changu, nalitazama kutoka juu:
naona kidole. Mikunjo, kovu la kisu, vyote.
Jiwe linalokuonyesha kidole chako ni dirisha,
na dirisha hununuliwa kwa seremala, kwa bei ya seremala.

Kisimba anacheka, anasogeza taa.

Kisha umeme ukakatika.
Mtaa mzima ulitoa ule mguno wake mmoja,
redio ya kinyozi ikafia katikati ya tangazo la msiba,
ukabaki mwanga wa mchana uliopenya pazia,
wa kijivu, usio na deni kwa muuzaji.
Nikasema: sasa. Tazama sasa.

Lile kubwa lilikuwa na tai.
Tai nyeusi ya bwana harusi, mbawa mbili katikati ya tumbo;
ukiligeuza kushoto ipo, kulia ipo, haivuliwi.
Kila tone lina kivuli kidogo, sidanganyi mtu,
lakini kivuli kizuri hupepesa kama kope.
Hiki kilikuwa kimekufia hapo.

Na lile dogo, robo tatu tu ya karati,
lilikuwa linafanya kazi yake kimyakimya:
kipande kinazima, jirani yake anawaka,
mwanga unatembea hadi kwenye ncha na kurudi.

"Lakini ni dogo, shangazi."
Ni dogo. Sikumbishia.
Niliolewa na pete ya shaba iliyochongwa karakanani,
ikanipaka kidole kijani miaka thelathini;
mimi si mtu wa kumwambia yeyote kwamba ukubwa si kitu.
Nilimwambia tu: kata shauri kwa mwanga huu,
maana Kapinga atafua, atasonga bukari, atasubiri teksi Katuba
kwa mwanga huu huu.

Alifumba jicho moja. Akafumba na la pili, sijui aliona nini huko.
Nje mtu alivuta kamba ya jenereta, mara moja, mara mbili,
taa zote kumi na mbili zikarudi,
na pale mezani lile kubwa likaanza tena kusema uongo,
zuri mno, hata mimi nilimeza mate.
Lingine lilikuwa ndani ya ngumi ya Kazadi.

Kisimba akafuta kikokotoo kwa mkono wa shati.
"Mama," akasema, "wewe ungekuja usiku."